Mlango wa Nyuma wa Nyumba ya Azima

Nchi ya Jitosheleza ilipakana na Kiburi upande wa mashariki na Upweke upande wa magharibi, na wenyeji wake walikuwa na ada moja waliyoitukuza kuliko zote: hawakuazima. Kila nyumba ilikuwa na ngazi yake, kinu chake na nyundo yake. Mtoto alipofumbua macho alinong'onezwa kuwa nguo ya kuazima haisitiri matako, na mzee alipofumba yake alisifiwa kwamba hakupata kumpigia jirani hodi. Hakuna aliyekiri kufundishwa: mwashi alizaliwa mwashi, na tabibu alizaliwa tabibu. Uongo huu ulisemwa kwa adabu kubwa.

Pembezoni mwa mji mkuu, katika kitongoji cha Kutazamana, palikuwa na maktaba ya umma iliyoitwa Nyumba ya Azima. Mtunzaji wake alikuwa Bi Stara, mwanamke mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi na subira isiyofungwa na kitu. Mlango wa mbele ulielekea barabara kuu, na hakuna aliyeonekana kuupita.

Mwaka ninaousimulia, mkuu wa kitongoji, Bwana Jivuni, aliishitaki nyumba hiyo mbele ya Kadhi Insafu, akitaka ibomolewe.

"Mheshimiwa Kadhi," alisema, "nyumba isiyoingiwa na mtu ni kaburi lenye madirisha. Majani yameota kizingitini na bawaba zimeshikana kwa kutu. Watu wa Kutazamana hawana haja ya kuazima hata neno."

Kadhi akaenda kujionea, na kitongoji kizima kikamfuata. Mbele alikuta kutu na majani kama alivyoambiwa. Lakini hakuwa mtu wa kuhukumu nyumba kwa uso wake, akazunguka nyuma kwa kichochoro cha bustani za mchicha. Huko alikuta kizingiti cha jiwe kilicholika katikati kama mwiko uliokoroga uji miaka mingi. Ndani kulitundikwa mapazia ya kanga, na nyuma ya kila pazia palikuwa na meza moja na kiti kimoja.

"Bi Stara," akauliza, "nyayo za nani zimelila jiwe hili?"

"Za watu, Mheshimiwa."

"Wataje, na nyumba yako itasimama."

Bi Stara alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Niliaminiwa vitabu, na nikaaminiwa aibu za watu. Vitabu huviazimisha. Aibu zao si zangu nizitoe."

"Basi sheria hainiachii njia. Itabomolewa kesho asubuhi."

Watu walitazama chini. Bi Stara alianza kufungua mapazia, akiyakunja moja moja kwa uangalifu.

"Liache hilo, dada!" ilisikika sauti. Alikuwa Bi Shukrani, mshonaji ambaye kanzu zake zilivaliwa harusini kote nchini. "Hilo ni langu. Mheshimiwa, miaka minane nimekaa nyuma ya pazia hili. Mikato mnayosema nilizaliwa nayo niliitoa katika kitabu chenye jalada la kijani. Ukiona vyaelea, vimeundwa, nami niliundwa hapa. Ahsante, dada Stara. Nimechelewa mno kuisema."

Mwashi akadai la pili, tabibu la tatu. Majirani waliotenganishwa kwa ukuta miaka ishirini waligundua kwamba huku walikuwa wametenganishwa kwa kanga tu, wakacheka huku wakilia, na hapakuwa na aliyeona haya.

Likabaki pazia la dirishani. Bi Stara hakumtazama mtu.

"Ni langu," akasema Bwana Jivuni, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Mke wangu alifariki akaniachia mtoto wa siku tisa. Sikumwuliza mtu, kwani sisi hatuulizi. Nilisoma hapa namna ya kumnywesha na kumpigapiga mgongo acheue, na mama huyu akanifunulia kurasa, maana mikono yangu ilikuwa imejaa. Tangu hapo nimeogopa atanitaja. Ndiyo sababu nilitaka ibomolewe."

"Alipenda kulalia ubavu wa kushoto," akasema Bi Stara kwa upole.

Bwana Jivuni akafunika uso, akalia. "Ahsante," alisema. "Ahsante, mama."

Kadhi akatangua hukumu, akaamuru jambo moja tu: mlango wa mbele ufunguliwe. Bwana Jivuni aliusukuma kwa bega, haukutikisika. Nyundo yake ilivunjika mpini mwaka juzi, naye aliificha siri hiyo kama maradhi. Akasimama katikati ya barabara kuu, mchana kweupe, akaita kwa sauti ya kusikika na wote:

"Jirani, tafadhali, niazime nyundo!"

Watu wakatimka mbio kwenda majumbani mwao. Zililetwa nyundo arobaini kwenye nyumba iliyokuwa ibomolewe. Moja ilitosha, na thelathini na tisa zikasubiri mikononi mwa wenyewe, wakiomba Mungu nao waombwe.