Korongo wa Zambarau

Hakimu, mpiga picha wa Kamembe, aliwapiga picha korongo kando ya mto Rusizi kwa kamera yake mpya. Jirani yake Nzigire aliwapiga walewale kwa kamera kuukuu ya marehemu baba yake, na filamu iliyopitwa na muda miaka kumi na tano.

Korongo wa Nzigire walitoka zambarau kwa uzee wa filamu, watu wakajazana kuwatazama. Wa Hakimu hawakuuliziwa. Wivu ukamkaba.

Siku Nzigire alipokwenda sokoni na kumwachia kamera, Hakimu aliufungua mlango wa nyuma wa kamera hiyo. Mwanga ukaharibu filamu yote iliyokuwa ndani.

Nzigire aliporudi, Hakimu alisema, "Maman Nzigire, ni mimi nilifungua. Nilikuonea wivu."

"Ilikuwa filamu ya mwisho ya papa, baba yangu," alijibu Nzigire.

Akachukua kamera, akaondoka. Hata leo Hakimu anamwonea wivu, na juu ya wivu ana aibu.