Binti wa Shah na Mlango wa Darajani

Sahani ya barfi, vile vitamutamu vya maziwa, ilikuwa mezani tangu adhuhuri, na Alnashir hakuwa ameigusa. Kwa desturi ya nyumba yao, baba wa binti akiikubali posa humpa mgeni kipande cha kitu kitamu kwa mkono wake mwenyewe. Asipoikubali, humpa chai, wakazungumza hali ya hewa, mgeni akarudi alikotoka. Na London haijawahi kupungukiwa hali ya hewa.

"Dad, amefika," alisema binti yake Lila, akaenda kufungua.

Aliingia Bi Mardhiya peke yake, koti la mvua juu ya buibui, kumposea mwanawe Mwadini. Mumewe, marehemu Himid, ndiye aliyepewa duka la kina Alnashir pale Darajani baada ya Mapinduzi, kabla naye upepo haujamgeukia akakimbia na familia yake. Baba yake Alnashir aliondoka Unguja na nguo alizovaa, akafia Dar es Salaam kwa kihoro. Miaka ishirini Alnashir aliibeba chuki ile, kutoka mtaa wa Kilburn hadi huu wa Queensbury, na sasa alikuwa hoi. Lakini kuchoka si kusamehe.

Na ni yeye huyu aliyewafundisha watoto wa Kiismaili kila Jumamosi jinsi baba wa Imamu alivyouawa katika ghasia za mji wa Yazd, mikononi mwa raia wa Shah wa Uajemi, mjane wake akaenda kudai haki kwa Shah huyo, na Shah akamwoza Imamu kijana binti yake, akampa na cheo cha Aga Khan. Wafalme na Maimamu wakawa ndugu! Alikisimulia kisa hicho kwa mbwembwe, vito na vigelegele. Jumamosi iliyopita, wakirudi nyumbani, Lila alimuuliza, "But Dad, yule mjane? Siku bibi harusi alipoingia nyumbani, alimtazama vipi?" Wiki nzima swali lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Chai ikanywewa. Mvua ikazungumzwa. Bi Mardhiya akaweka kikombe chini.

"Bwana Alnashir, sikuja kujitetea. Duka lilikuwa lenu. Tulikula cha watu, na hatukushiba."



"Ule mlango wa mbele wa duka," alisema Alnashir, "mliutengeneza?"

"Hautengenezeki ule. Mpaka uuinue kwa bega, ndipo usukume. Marehemu bega la kulia lilimuuma mpaka anaingia kaburini."

Alnashir alijikuta ameshika bega lake. Baba yake pia alikandwa bega hilo hilo kila usiku, huku akiulaani mlango.

"Ulikuwa ukimkanda kwa mafuta gani?"

"Ya karafuu."

"Mama pia."

Ndipo akamtazama yule mjane, kwa mara ya kwanza tangu aingie. Lila alikuwa amesimama mlangoni, hapumui. Alnashir akaivuta sahani. Barfi zilikuwa zimekauka kingo; akatafuta kipande cha katikati kilicho laini, akakishika, na mkono ukamwia mzito.

Bi Mardhiya akaweka kiganja wazi juu ya meza, akangoja.