Gari la Léonce Lisilotulia

Épiphanie, jirani wa ng'ambo ya ua, anasema ni yeye aliyelianzisha. Siku ya mazishi ya Léonce aliegemea boneti ili afunge vizuri mshanana wake, shuka ya kufungia begani, na gari likabonyea, likainuka, likabonyea tena. Mpaka matanga yanaondolewa halikuwa limetulia. Anasimulia hivyo kila anapoulizwa, na huongeza kwamba hakuliegemea kwa nguvu.

Lilikuwa gari jekundu la michezo, la chini, la milango miwili. Sasa lilikaa uani Busanza likipanda na kushuka kama kifua cha mtu aliyelala. Watu wakazoea. Épiphanie alikuwa akimleta mtoto wake mchana, anamlaza kiti cha nyuma, na mtoto analala vizuri kuliko nyumbani.

Ihirwe, mjane wa Léonce, ndiye hakuzoea. Mumewe aliteleza nalo kwenye kona ya kushuka kilima cha Rebero, kwa mwendo ambao hakuna aliyeupima. Mlango mmoja tu ndio uliobonyea, upande wake. Mukamana, mama wa marehemu, alisema mbele ya waombolezaji kwamba mwanawe amejiua mwenyewe kwa spidi. Akarudi kwake Kabuga, akaigeuza picha ya mwanawe pale sebuleni ikatazama ukuta. Mpaka leo inatazama ukuta.

Mwezi mmoja kabla ya kifo, gari lilikuwa limeanza kuelea kwenye kona, na Léonce akaamua kubadilisha mwenyewe shokapu, vyuma vinavyozuia gari lisidundedunde, hapo hapo uani, Ihirwe akimpa spana. Kila aliyoifungua aliikwaruza kwa msumari, herufi ya kwanza ya jina la mkewe na namba ya gurudumu, asije akazichanganya. Marafiki zake wakamcheka: gari kama hilo unalifungulia juu ya matofali kama baiskeli? Akazirudisha zile zile, akalipeleka gari kwa Johnson, mwenye gereji kwenye barabara ya Kabuga, akalipia shokapu mpya nne. Za zamani akaziacha huko, kama kila mtu anavyofanya, maana kudai vyuma vilivyokwisha ni kumwita fundi mwizi.

Jumamosi moja, umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, ulipokwisha, Ihirwe alinunua shokapu nne, akalipandisha gari juu ya matofali yale yale. Hakuwahi kufungua hata nati moja, ila alikuwa ametazama. Springi alizibana pole pole, nusu mzunguko huku, nusu mzunguko kule. Kazi ya asubuhi moja ya Léonce ilimchukua yeye siku tatu. Alipofunga ya mwisho, gari likatulia. Mtoto wa Épiphanie akaamka, akalia.

Lakini zile alizozitoa ziliendelea ndani ya karai, zikijivuta na kujisukuma taratibu. Akazipangusa kwa mafuta ya taa apate kuzishika. Rangi nyeusi ikabaki kwenye kitambaa. Chini yake palikuwa na kutu, na kwenye kutu palikwaruzwa I1. Akapangusa ya pili, ya tatu, ya nne. Zilikuwa zile zile za zamani, zote nne.

Alikaa nazo mpaka jua likahama ukuta. Kisha akazifunga kwenye kitenge, akapanda moto, pikipiki ya abiria, kwenda kwa Johnson. Dereva alihisi furushi likihema mgongoni mwake, akauliza kama ni kuku. Ihirwe akasema ni za mume wake.

Johnson hakushangaa. Aliibonyeza moja kwa kiganja, akahesabu kimoyomoyo.

"Hizi bado zina uhai, madamu," akasema. "Niachie."

Nyuma yake magari matano yaliyotoka kutengenezwa yalikuwa yakipanda na kushuka, kila moja kwa mwendo wake, na wenyewe wamekaa kwenye benchi wakingoja. Ukutani zilining'inia shokapu nyeusi ambazo rangi yake haijakauka.

"Bosi, sikuja kudai pesa," Ihirwe akasema. "Mama mkwe wangu anakaa hapo Kabuga. Twende umwambie neno moja tu, kwamba haikuwa spidi."

Johnson alifuta mikono, kidole kimoja kimoja.

"Ni mzee," Ihirwe akaendelea. "Hatakuuliza kitu. Utasema, utaondoka. Mimi nitageuza picha."

Johnson akachukua funguo kwenye msumari, akaita mwenye gari jeupe, moja ya yale matano, aje alichukue.