Kifungu cha Tisa

Jioni moja ya Oktoba mwaka 1998, Chelagat alikuwa anasonga ugali wa unga mweupe alionunua kwenye duka la wahamiaji wa El Salvador, mumewe Cheruiyot alipobisha hodi. Alikuwa amekufa, na huu ulikuwa mwaka wa tatu. Alitokea katika shimo la Barabara ya Kumi na Nne, pale Columbia Heights, jijini Washington, walipokuwa wakichimba stesheni ya treni, na mafundi walimwazima kofia ngumu mpaka avuke uzio. Udongo wa shimo lile ulikuwa wa kijivu. Wa kwenye viatu vyake ulikuwa mwekundu, wa kwao.

Chelagat alipunguza moto akamwambia aketi. Chumba kikapoa, kama friji imeachwa wazi. Chini ya sikio la kushoto la mumewe palikuwa na tundu dogo, kavu, na kila alipogeuza shingo hewa ilipita ndani yake ikalia kwa sauti nyembamba.

"Umekula?" aliuliza Chelagat.

"Sisi hatuli tena. Lakini wewe pakua, nitakaa nawe."

Enzi za uhai wake Cheruiyot aliongoza chama cha wachuma chai. Baada ya mgomo, watu walikuja na Land Rover alfajiri wakaondoka naye. Serikali ilisema yuko huru, amesafiri tu. Chelagat alikimbia, akafika Washington, akaomba hifadhi ya ukimbizi, na wakati akingoja jibu alifanya kazi ya kuogesha wazee katika nyumba moja ya kutunzia wazee kule Annandale. Hakuwahi kukaa matanga, maana hakuna aliyemwambia kwamba amefiwa.

Asubuhi alimpigia simu Kiplagat. Huyu alikuwa ofisa wa biashara ubalozini, mzaliwa wa ng'ambo ya mto kutoka kwao Cheruiyot, na Jumapili walikaa benchi moja kanisani. Wiki hiyo Kiplagat na wakubwa wake walikuwa katika hoteli moja katikati ya mji, wakimalizia na nchi washirika mkataba wa biashara na ushirikiano wa kisiasa. Chai ya kwao ingeanza kuingia nchi hizo bila ushuru. Kilichokwama ni kifungu cha tisa, kilichotaka viongozi wa wafanyakazi wawe huru kusafiri na kusema. Kila jina la Cheruiyot lilipotajwa, kikao kiliahirishwa.

Chelagat alitaka wamwone. Aliamini kwamba wakiliona lile tundu hakuna mkono utakaoshika kalamu. Kiplagat alisema atawaletea gari.

Mchana wa Alhamisi wajumbe walisogeza viti ili Cheruiyot apate nafasi. Mhudumu alimwekea glasi ya maji, na alipoishika maji yakashika barafu pembeni. Mhudumu akambadilishia. Aliyeongoza upande wa washirika, mama mmoja wa nywele nyeupe na sauti ya upole, alimshukuru kwa kuja kutoka mbali, akamwomba aeleze hali yake.

Cheruiyot alieleza kwa Kiswahili kwamba alipigwa risasi nyuma ya kiwanda cha chai, kwamba waliompiga wangali kazini, na kwamba pale alipolazwa hayuko peke yake. Kiplagat alitafsiri bila kupunguza neno. Wajumbe waliandika. Hewa ilipopita katika shingo yake karatasi zilizokuwa karibu zikainuka, na mjumbe mmoja akaweka kikombe juu ya zake.

Yule mama aliuliza kama kuna kitu kinachomzuia kusafiri. Cheruiyot alisema hapana, tangu siku ile hakuna ukuta uliomzuia. Akaulizwa kama kuna anayemkataza kusema, akajibu kwamba hakuna tena anayeweza. Mama akawatazama wenzake, nao wakatikisa vichwa kukubali.

Chelagat alisimama. "Huyu mume wangu amekufa," alisema. "Mnamwona amekufa."

"Pole sana, mama," alijibu yule wa nywele nyeupe. "Lakini ameketi hapa."

Walitia saini kabla ya chai ya saa kumi. Wote walipigwa picha pamoja, na Cheruiyot anaonekana vizuri, mstari wa pili.

Chelagat alimwomba mchungaji afanye ibada ya mazishi. Mchungaji alisikitika pamoja naye, lakini alisema hawezi kumzika mtu anayekuja kanisani kila Jumapili. Kiplagat aliendelea kuwasalimia kwa mkono. Chelagat aliupokea mkono huo, akauchukia, na Jumapili iliyofuata akaupokea tena.

Baada ya Krismasi lilikuja jibu la ombi lake. Afisa wa uhamiaji alimweleza kwa heshima kwamba, kwa kuwa mumewe anatambuliwa na serikali zote kuwa mtu huru, hakuna tena cha kukimbia. Ilimbidi arudi nyumbani. Cheruiyot alitakiwa kubaki, kwa sababu washirika walitaka awepo kila mkataba unapokaguliwa. Ubalozi ulimpa chumba.

Asubuhi ya safari Kiplagat aliwapakia wote wawili, kwani ukaguzi wa kwanza ulikuwa siku hiyohiyo. Walimpitisha Cheruiyot hotelini kwanza. Kabla ya kushuka alimshika mkewe mkono, naye Chelagat hakuuondoa, ingawa vidole vilikufa ganzi.

"Ukifika, pita nyuma ya kiwanda," alisema Cheruiyot. "Kuna safu moja chai yake ni ndefu kuliko zingine. Tuko hapo."

Alifunga vifungo vya koti. Bawabu alimfungulia mlango.

Gari lilishika njia ya uwanja wa ndege wa Dulles. Wakavuka mto.

"Shemeji, ile safu ilichumwa mwezi uliopita," alisema Kiplagat, kwa sauti ya mtu anayetoa habari za nyumbani. "Ndiyo iliyoletwa kwenye shehena ya kwanza. Wameisifu sana."

Chelagat aliuliza kama chai hiyo bado ipo madukani. Kiplagat alisema imeisha, lakini nyingine iko njiani.