Msitu Uliopandwa Ovyo

Bwana Miche, mstaafu wa idara ya misitu, hakuwa mtu wa uongo mdogo. Akisema uongo, alisema mkubwa. Asubuhi hiyo alimwambia mtaalamu kutoka makao makuu kwamba msitu ule wa kando ya mto ni wa asili, upo tangu dunia iumbwe. Msitu wa asili haukatwi. Wa kupandwa ukikomaa, hukatwa wote.

Na aliupanda yeye. Alipoajiriwa, bonde lilikuwa na upara: magogo yalikwisha kwenye mataruma ya reli, vichaka vikaishia kwenye tanuri za mkaa, na kila mvua mto ulibeba udongo ukawa kama uji.

Mtaalamu, mama mfupi mwenye buti kubwa, alizungusha keekee yake nyembamba kwenye shina, akachomoa kijiti cha mbao, akahesabu pete, moja kwa kila mwaka. Thelathini na nane. Mti wa pili, thelathini na nane. Wa kumi, vilevile.

"Mzee, msitu gani wa asili huzaliwa siku moja?"

"Mapacha hao."

Shemeji yake Bwana Miche, kaka wa mkewe, aliyepanda naye msitu huo enzi hizo, akaangua kicheko. "Sema tu, shemeji. Umeshikwa pabaya."

"Haya, nimepanda mimi! Kateni basi, na mnizike humohumo."

"Mbona sioni mistari?" mama akauliza. "Amri ilikuwa kupanda kwa mistari."

Bwana Miche akajifanya anachunguza gome la mti.

"Kamba ya kupimia ilichukuliwa na mto siku ya kwanza," shemeji akadakia. "Akamwogopa bosi. Tukapanda popote jembe lilipoangukia, na kwenye ripoti akaandika mistari imenyooka!"

"Shemeji, mdomo wako hauna komeo!"

Mama alijaribu kupita kati ya miti. Kila alikogeuka, shina. "Sasa trekta la kuvuta magogo litapita wapi?"

"Halipiti," alisema Bwana Miche, macho yakianza kung'aa. "Hata mbuzi aliyeshiba hapiti."

Mama akaandika, akamsogezea fomu: *Ulipandwa ovyo. Hauwezi kuvunwa. Uachwe.*

"Futa hilo 'ovyo'. Nilikaa kazini miaka thelathini mimi!"

"Nikifuta, watauliza kwa nini hauvuniki."

"Shemeji, tia sahihi kabla hajaghairi!"

Bwana Miche akashika kalamu, amenuna mpaka masikio. Akatia sahihi ndefu ajabu, mkia wake ukapanda juu ukapita mara mbili kwenye neno "ovyo".