Kufunga Mguu, Kufunga Faili

Kwa mara ya tatu tangu mwaka uanze, Injinia alipanda ngazi za karakana ya miguu ya bandia, kompyuta kwapani na moyo umejaa nongwa. Jina hilo la Injinia hakupewa na chuo. Walimbandika mafundi, na kila walipolitamka ungeona wanaminya kicheko. Kazi yake ilikuwa kuandika programu, na ile aliyowaandikia kwa miezi mitano, ya kufuatilia kila mgonjwa na mguu wake, mafundi walikuwa wameitupa mkono. Walikuwa wamerudi kwenye daftari.

"Tatizo ni nini hasa?" alimuuliza dada wa mapokezi.

"Mfumo wako unameza watu."

"Unawameza vipi?"

"Muulize Mama Plasta. Mimi nimechoka kufokewa kwa niaba yako."

Mama Plasta ndiye aliyekuwa fundi mkuu, mwanamke wa makamo mwenye mikono iliyopauka kwa plasta hadi viwikoni. Alikuwa amepiga magoti mbele ya kinyozi mmoja aliyeketi kwenye benchi, suruali imekunjwa. Kigutu cha mguu wake kilikuwa na kidonda kibichi, upana wa kiganja.

"Njoo uone kazi yako, mwanangu," Mama Plasta alisema bila kugeuka.

Injinia alihisi masikio yanawaka. "Mama, mimi huyu baba sijamgusa."

"Mashine yako imemgusa. Wiki saba zilizopita tulimfunga mguu. Siku ya kumi alitakiwa aitwe, tumrekebishie kikombe, hapa kigutu kinapoingia. Hakuitwa. Jina limetoka kwenye orodha."

"Mimi nilidhani kuuma ndiyo kawaida yake," kinyozi alisema kwa upole. "Kazi yangu ya kusimama, sikutaka kudeka."

Upole huo ulimchoma Injinia kuliko matusi. Alisukuma makopo ya gundi pembeni, akafungua kompyuta palepale mezani. Jina la kinyozi lilikuwepo, miongoni mwa waliokwisha kuhudumiwa, na mbele yake neno moja: Imefungwa.

"Si mmebonyeza wenyewe!" alifoka. "Imefungwa maana yake faili limefungwa, mgonjwa amemaliza, haitwi tena! Nani kabonyeza?"

"Mimi," alijibu Mama Plasta. "Nilimfunga mguu, nikabonyeza imefungwa. Ulitaka nibonyeze nini?"

Injinia alilisoma tena lile neno kwenye skrini. Kule ofisini, kufunga kulikuwa kumaliza. Humu karakanani, kufunga kulikuwa kumvisha mtu mguu kwa mara ya kwanza, na hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza. Miezi mitano yote alikuwa akiketi na meneja wa kituo, mtu muungwana, mwenye viti laini, ambaye hakuwahi kushika mguu hata mmoja. Alitamani apate wa kumlaumu. Kila alipomtafuta, alijikuta mwenyewe.

Alimpigia bosi wake, akamweleza yote.

"Badilisha hilo neno tufunge kazi," bosi alisema.

"Usinitajie kufunga, tafadhali! Si neno tu. Nimeujenga mfumo mzima kama vile mguu ni kifurushi: unaagizwa, unatengenezwa, unakabidhiwa, kwaheri. Nataka wiki mbili humu ndani."

"Una siku nne," bosi akakata simu.

Siku ya kwanza yote iliishia kwenye simu. Yeye na dada wa mapokezi waliwatafuta waliomezwa, wakapata kumi na mmoja. Watatu walikuwa wamesukuma miguu yao uvunguni na kurudia magongo. Mmoja, bibi mwenye sauti nzito, alimporomoshea maneno hadi akaishiwa pumzi, na Injinia alisikiliza mpaka mwisho, kisha akampa siku ya kuja.

Siku zilizofuata alishinda kando ya Mama Plasta, na hazikuwa siku tamu.

"Baada ya kurekebisha kikombe, hatua inayofuata ni ipi?"

"Inategemea."

"Inategemea nini, mama?"

"Kigutu."

"Na kigutu kinategemea nini?"

"Mwenyewe. We andika tu, utaelewa."

Aliandika, akachana, akaandika tena. Aligundua kwamba kikombe hubadilishwa mara kwa mara, ilhali unyayo uleule unaweza kudumu miaka. Kumbe hata neno "mguu" alilijenga vibaya, kana kwamba ni kitu kimoja. Alifuta nusu ya programu aliyoitolea jasho. Alipofuta alikuwa ameuma meno, na fundi mmoja akamuuliza kama jino linamsumbua.

Alasiri ya siku ya nne alimwekea Mama Plasta skrini mbele. Kitufe cha Imefungwa hakikuwepo tena. Palikuwa na kuvishwa, kurekebishwa, kukabidhiwa, na mgonjwa hakutoka kwenye orodha mpaka fundi mwenyewe aseme. Mama Plasta alijifuta mikono, akasoma polepole, midomo ikichezacheza. Kwa mara ya kwanza hakuuliza maana ya neno hata moja.

"Hapa umesema kama sisi," alisema.

Injinia alishusha pumzi.

"Lakini watoto je? Mtoto anakua. Huyu wako amekabidhiwa, na baada ya miezi sita mguu mfupi."

Injinia alimtazama, akatazama saa ya ukutani, akajisikia kulia. Kisha alivuta kigoda, akaketi.

"Haya mama. Mtoto akija, mnaanza na nini?"