Mtungi Mtupu wa Mama Khisa

Mtu mzima wa mtaa wa Kibomet hapumziki mchana. Kuchoka anaruhusiwa, lakini akionekana amekaa kwenye nyasi saa nne asubuhi, mikono mitupu, basi ni mgonjwa, ni mlevi, au amefutwa kazi. Mzee Wakhungu aliyajua haya vizuri. Kwao Bungoma hata mgonjwa hutoka nje na jembe begani ili asisemwe. Ndiyo maana wiki ile alihangaika kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Bustani ya Kibomet ilikuwa ndogo tu: nyasi, mijakaranda, mabenchi, na njia ya kutembelea iliyozunguka pote. Madam Chepngeno wa ofisi ya mji alikuja kuikagua, akakuta ng'ombe mmoja na mahindi ya mtu yameanikwa njiani.

"Mzee," akamwambia Wakhungu, aliyekuwa mwenyekiti wa bustani kwa sababu hakuna mwingine aliyeutaka uenyekiti huo, "nitarudi Jumamosi. Nikikuta watu wanapumzika, bustani inabaki. Nikikuta ng'ombe, hapa patakuwa pa kuegesha malori."

Wakhungu aliihitaji bustani ile kwa sababu ya magoti ya mke wake. Daktari alimwambia Phelista, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Khisa, kwamba asipotembea kila siku, presha na magoti vitashindana kumlaza kitandani. Barabarani pikipiki ilishamkosakosa. Basi akatembea bustanini. Lakini mama huyo hangekubali kamwe kuonekana akitembea bila safari, kwa hiyo alibeba mtungi mtupu wa maji. Jamani, bomba liko jikoni kwake, naye anazunguka nyasi na mtungi kama anayekwenda kisimani! Mficha uchi hazai, walisema wahenga, lakini wahenga hawakuwa na majirani wa Kibomet. Siku akiukosa mtungi, alishinda ndani.

Wakhungu akapita nyumba kwa nyumba kuwaomba watu waje kupumzika.

"Nikae kwa nyasi, halafu sukari auze nani?" aliuliza Waruguru wa duka. "Watu wakiniona huko si watasema biashara imekufa?"

Kibe, fundi wa viatu, alijaribu kuelewa. "Sasa mzee, nikikuja, nitakuwa nafanya nini?"

"Hakuna. Unapumzika."

"Sawa, nimesikia. Lakini nikiwa nafanya nini?"

Wakhungu alirudi nyumbani amekata tamaa. Hata wa kumlalamikia hakuwepo. Mama Khisa alikuwa amekwenda Bungoma kumwona dada yake, akaahidi kurudi Jumamosi, mradi asikalishwe benchi la mbele.

Ndipo Wakhungu akapata wazo. Watu wanataka heshima! Wapewe kivuli na viti, nani atakataa? Akamwendea Dancan, kijana wa kukodisha mahema, na Jumamosi asubuhi hema jeupe likasimama katikati ya bustani. Viti vya plastiki vikapangwa kwa mistari. Sufuria kubwa ya chai ikawekwa motoni. Dancan akaleta na spika, na kwa kuwa alikuwa na nyimbo za aina moja tu, zikaanza kulia tenzi za polepole. Wakhungu naye akavaa suti yake nyeusi, kwani hakuwa na nyingine, akasimama mlangoni mwa hema peke yake, mikono nyuma.

Kila mwenye macho ameshaona jambo hili linakokwenda. Wakhungu, mwenye macho mawili na miwani juu yake, hakuona.

Wilkista, kiongozi wa akina mama wa kanisa, ndiye aliyepita wa kwanza akielekea sokoni. Akaona hema. Akaona suti. Akamtafuta Mama Khisa, mwenye presha, aliyekwenda Bungoma na hajaonekana tena, asimwone.

"Uuuwi! Mama Khisa ametuacha!"

Hakuuliza. Kuuliza si ujinga, ndiyo, lakini nani humpigia mtu simu kumuuliza kama ni kweli amefiwa? Unajifunga leso, unabeba ulichonacho, unakwenda. Na Kibomet ilikwenda. Waruguru alifunga duka, akaja na sukari na mikate. Kibe alikuja anakokota mbuzi. Wanawake walileta unga, maziwa na kuni, na kwaya ikaja na sare zake. Kila mmoja alimshika Wakhungu mkono kwa nguvu, akainamisha kichwa, akaenda kukaa.

Moyo wa Wakhungu ulijaa hadi pomoni. Kumbe walimsikia! Alishangaa kidogo kwamba wanayachukulia mapumziko kwa uzito namna hii, hata kuleta mbuzi, lakini mgeni njoo mwenyeji apone. Akachukua maikrofoni.

"Karibuni sana! Leo ni siku ya furaha kubwa kwangu!"

Watu wakatazamana. "Huzuni imempanda kwa kichwa," Wilkista akanong'ona. "Mpeeni maji."

"Mama Khisa mnajua anapenda hapa sana," akaendelea, uso unang'aa. "Na nimeamua, kuanzia leo atakuwa hapa siku zote!"

Hapo Kibe na wazee wawili wakainuka, wakamzunguka, wakamshika mabega kwa upole.

"Mzee, tunaelewa uchungu yako," Kibe akasema chinichini. "Lakini hii ni shamba ya serikali, bana. Hapa huwezi kumzika."

"Kumzika nani?"

"Mama Khisa."

Wakhungu akatazama hema. Akatazama kwaya. Akatazama suti yake kuanzia kola mpaka chini. Na papo hapo gari la Madam Chepngeno likaingia.

Akisema kweli, wote wataondoka kwa hasira na bustani itabaki na ng'ombe. Akinyamaza, amemuua mke wake hadharani. Alinyamaza. Ndiyo, tumlaumu, ni haki yake kulaumiwa, ila tukumbuke alikuwa anayafikiria magoti yale, na malori yale. Madam Chepngeno aliona umati, akavua kofia, akaja taratibu.

"Poleni sana," akasema. "Mbona hamkuniambia? Ningekuja siku nyingine."

Kabla hajajibiwa, pikipiki ikasimama langoni, akateremka Mama Khisa na mkoba begani, kikapu cha ndizi mkononi, na kuku wa dada yake kwapani. Akaona hema. Akaona Wilkista akilia. Akamtafuta mumewe asimwone, maana wazee walikuwa wamemzunguka.

"Baba Khisa! Woi, Baba Khisa wangu!"

Kuku akaruka huku, ndizi zikaenda kule, na magoti yale yaliyoshinda madaktari yakakimbia. Hayakufuata njia, yalikata nyasi moja kwa moja. Waombolezaji wakamwona marehemu anakuja mbio. Kwaya ikatawanyika, sauti ya kwanza kichakani, ya pili chini ya viti. Kibe alijikuta juu ya benchi. Waruguru peke yake hakukimbia.

"Wewe si umekufa?" akamuuliza.

"Nani amekufa? Mume wangu yuko wapi?"

Wakhungu akajitokeza. Mama Khisa akamshika uso, akamshika mabega, akalia kwa sauti kifuani pake. Alipohakikisha ni mzima, ndipo akatazama vizuri suti, hema na watu, akaelewa. Akampiga kwa mkoba.

"Umeniua, Baba Khisa? Mimi niko kwa dada yangu nakunywa chai, wewe umeniua?"

Watu wakaanza kunung'unika. Wilkista akauliza ni nani atamrudishia machozi yake. Kibe akashuka kwenye benchi, akaenda kufungua kamba ya mbuzi arudi naye nyumbani.

"Wewe Kibe!" Wilkista akamkemea. "Kitu ya matanga inarudi kwa nyumba? Unataka kubebea watoto wako kifo?"

Kibe akaiachia kamba kama inayochoma. Wengine nao wakaweka chini unga na sukari. Hakuna aliyekubali kurudi na alicholeta, na hakuna aliyekubali kuacha nyama ya watu wote iliwe na wachache. Basi mbuzi akachinjwa, moto ukakokwa, na wakati wa kungoja nyama, Kibomet ilikosa kazi ya kufanya. Viatu vikavuliwa. Wazee wakacheza drafti kwa vifuniko vya soda, watoto wakamfukuza kuku. Waruguru alilala chali kwenye nyasi, mchana kweupe, mdomo wazi.

Madam Chepngeno, sahani ya nyama mkononi, alizunguka akitazama. "Mzee, sijawahi kuona bustani inatumika namna hii," akasema. "Malori yatafute kwingine."

Mama Khisa alikuwa amekaa kati ya wanawake. "Wilkista, ulinililia kweli?"

"Mpaka leso ikalowa."

Mama Khisa alijifuta macho, akamkatia Wilkista kipande cha ini.

Jumatatu asubuhi Wakhungu alimkuta mkewe mlangoni akivaa viatu. Akakimbilia jikoni, akamletea mtungi.

Mama Khisa akautazama.

"Wa nini?" akasema. "Kibomet yote ilishaniona nikikimbia."

Akatoka, mikono mitupu.